Kisumu hadi Cape Town bila viza hata moja: tathmini ya njia, kiungo kwa kiungo

Mwenye pasipoti ya Kenya anaweza kuondoka Kisumu, akapita Tanzania, Zambia na Botswana, akafika Cape Town bila kuomba viza popote. Kizuizi cha mwisho kilikuwa Afrika Kusini, na kiliondoka tarehe 1 Januari 2023, Wakenya waliporuhusiwa kuingia bila viza kwa siku 90 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Kwa hiyo anayepanga safari hii leo hana ubalozi wa kupigia foleni. Kazi yake ni kuhakikisha mabasi na treni vinakutana. Njia nzima ni karibu kilomita 7,000, na tathmini hii inapima huduma zilizopo kwa jicho la msafiri wa nchi kavu anayeanzia Kisumu, Nakuru au popote magharibi mwa Kenya.

Uamuzi wetu uje kwanza. Huduma bora kuliko zote njiani ni treni ya umeme ya Tanzania kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Huduma yenye uzuri mwingi na ratiba isiyoaminika ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Na kinachowarudisha watu nyumbani mara nyingi kuliko yote ni kadi ya chanjo.

Karatasi zishughulikiwe mapema. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na unaweza kuchagua kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole katika ofisi ya uhamiaji ya Kisumu, Nakuru, Eldoret au Kisii, bila haja ya kwenda Nairobi. Kijitabu cha kurasa 34 ni shilingi 7,500 na kinatosha. Hesabu mihuri: nchi nne, kuingia na kutoka, ni mihuri minane, mbali na ya Kenya yenyewe. Kulipia kurasa 66 kwa ajili ya safari hii ni kupoteza pesa. Jambo la kuangalia ni kwamba pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai na kurasa mbili tupu zilizoachana na mihuri ya zamani, kwa sababu Afrika Kusini huangalia ukurasa mtupu.

Kadi ya homa ya manjano ndiyo viza halisi ya njia hii. Kenya iko katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo nchi zote nne zilizo mbele yako zina haki ya kuidai mpakani. Cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linakitambua kwa maisha yote ya mwenye nacho. Makosa ni yale yale kila mara. Mtu anachanjwa Jumatatu akitaka kuvuka Ijumaa. Jina kwenye kadi halifanani na la pasipoti, au limekatwa la katikati. Au amebeba nakala, kadi yenyewe imebaki kabatini. Chanja mwezi mzima kabla ya safari, katika kituo kilichoidhinishwa, na usiondoke dirishani kabla hujasoma jina lako herufi kwa herufi na kuona muhuri.

Wapo wanaofikiria kupitia Busia, Kampala, Kigali kisha Rusumo kuingia Tanzania. Ni njia nzuri kwa macho, ila ni ndefu zaidi, na ina mtego. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Anayevuka Busia kwa kitambulisho akafika Rusumo na pasipoti isiyo na muhuri wowote atalazimika kueleza alikotokea. Ukichagua upande huo, toa pasipoti tangu Busia, mihuri ifuatane. Na kama unasafiri na jamaa mwenye pasipoti ya Uganda, jambo la kawaida kwa familia za Busia na Malaba, asichukulie kwamba msamaha wa Wakenya Afrika Kusini unamhusu na yeye. Masharti hufuata kijitabu, hata kama nyinyi ni ndugu wa damu.

Kwa mtu wa Kisumu, njia fupi ni Isebania. Matatu za Kisumu hadi Kisii na Migori hazikosekani, na kutoka Migori hadi mpakani ni mwendo mfupi. Jumla ni karibu kilomita 200, kwa hiyo ukipanda alfajiri unavuka kabla ya jua kali na kubaki na mchana wa kufika Mwanza. Isebania na Sirari ni kituo kimoja cha mpaka: unayeingia Tanzania unagongewa mihuri yote miwili, wa kutoka na wa kuingia, katika jengo la upande wa Tanzania. Hatari ipo kwenye bodaboda. Dereva anayetaka kurudi haraka kubeba mwingine anaweza kukupitisha moja kwa moja hadi kwenye mabasi ya Mwanza, na hakuna atakayekuzuia. Tatizo litaonekana Tunduma, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, zaidi ya kilomita elfu moja mbele, ofisa atakapotafuta muhuri wa kuingia na kuukosa. Mwambie akushushe kwenye jengo la uhamiaji, umlipe, umalizane naye hapo. Ofisa akikuuliza utakaa siku ngapi, taja siku zako na uongeze wiki moja. Sababu ya wiki hiyo ni TAZARA, tutaifikia.

Wabadilisha fedha watakuzunguka kabla hujashuka. Badili kiasi cha nauli na chakula cha siku moja tu. Noti za Tanzania zina sifuri nyingi, na anayehesabu kwa haraka mbele ya watu watano ndiye anayepunjwa. Mfuko wa plastiki uache Kenya, sawa na kwetu huko pia umepigwa marufuku, tangu Juni 2019.

Basi la Sirari hadi Mwanza hupita karibu na Tarime, halafu Bunda, Lamadi na Magu, karibu kilomita 300 za lami nzuri. Linalowasumbua wageni ni kwamba Mwanza ina stendi kuu mbili. Mabasi ya upande wa Mara huishia Nyamhongolo, ilhali ya kwenda Shinyanga, Singida, Dodoma na Dar es Salaam huondokea Nyegezi, upande wa pili wa jiji. Tenga muda wa kutosha kati ya moja na nyingine, na usikate tiketi ya kuunganisha jioni ile ile. Lala Mwanza. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku Tanzania, kwa hiyo kuna ratiba nyingi za kwenda Dodoma, lakini kwa kilomita karibu 700 za barabara isiyo na taa basi la alfajiri ni salama zaidi na linakufikisha kukiwa bado kuna watu stendi.

Wasomaji wa Nakuru wasipitie Isebania. Kwenu ni rahisi zaidi kushuka Nairobi, Namanga, Arusha, kisha barabara ya Babati na Kondoa hadi Dodoma. Ni lami mwanzo hadi mwisho na hamuhitaji kugusa Mwanza.

Sasa treni ya umeme, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha hesabu ya safari hii. Shirika la Reli Tanzania, TRC, lilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufikia Agosti mwaka huo huduma hadi Dodoma ilikuwa imezinduliwa rasmi. Treni hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Kipande cha Dodoma hadi Dar es Salaam, ambacho basi hukimaliza kwa siku nzima ya kazi ukijumlisha foleni za kuingia jijini, treni hukimaliza kwa saa tatu na nusu hadi nne. Nauli ya daraja la kawaida katika treni ya kawaida iliwekwa shilingi 31,000 za Tanzania kwa Dodoma hadi Dar es Salaam, na 13,000 kwa Morogoro hadi Dar es Salaam. Hiyo ya kwanza ni kama shilingi 1,600 za kwetu. Treni ya mwendo wa haraka, ambayo Watanzania wameibatiza mchongoko kwa sababu ya pua yake, ilianza Novemba 2024. Ina vituo vichache na nauli yake iko juu. Tofauti ya muda kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti ya bei, kwa hiyo asiye na haraka achukue ya kawaida.

Huduma yenyewe inastahili sifa. Siti ina namba na namba inaheshimiwa. Hakuna anayesimama kwenye ujia. Mabehewa ni safi, yana viyoyozi, na treni huondoka kwa saa iliyoandikwa. Kwa mtu aliyezoea kungoja matatu ijae, huo ni utulivu mkubwa. Upungufu wake uko mahali pengine. Njia yote inategemea umeme, na hitilafu ikitokea treni husimama porini. Ilitokea katika miezi ya mwanzo na TRC ikaeleza hadharani. Kwa hiyo usipange kushuka Dar es Salaam saa mbili kabla ya kuondoka kwa TAZARA. Acha usiku mmoja katikati. Siti za Ijumaa, Jumapili na sikukuu huisha mapema, maana wafanyakazi wa serikali na wabunge ndio wateja wakubwa wa kipande hiki. Jumanne na Jumatano ndizo siku za kupata nafasi.

Mahali Mkenya anapokwama hasa ni kwenye malipo. Tiketi hukatwa katika tovuti ya TRC kwa namba ya pasipoti, kisha mfumo unakupa namba ya malipo ya serikali yenye muda wa kuisha. M-Pesa ya Safaricom na M-Pesa ya Vodacom Tanzania hazina mkoba mmoja ingawa zina jina moja, kwa hiyo huwezi kuilipa namba hiyo ukiwa Kisumu kama unavyolipa bili ya umeme. Dawa ni mbili. Ukishavuka, nenda kwa wakala yeyote wa pesa za simu, mpe namba na noti, atalipa na ujumbe wa tiketi utakujia, mradi simu yako ipokee ujumbe au uwe umeandika barua pepe. Au nunua dirishani Dodoma siku moja kabla. Jina kwenye tiketi lifuate pasipoti, kwa sababu mlangoni wanalinganisha. Fika mapema kama unavyofika uwanja wa ndege: mizigo hupita kwenye mashine, na lango hufungwa kabla ya treni kuondoka.

Kuna Magufuli mbili Dar es Salaam na kosa hili huwagharimu watu tiketi. Stesheni ya Magufuli ni ya treni ya umeme, katikati ya jiji. Stendi ya Magufuli ni ya mabasi ya mikoani, huko Mbezi Luis, kando kabisa ya jiji. Ukimwambia dereva wa bajaji "nipeleke Magufuli" bila kusema reli au mabasi, atachagua anavyojua yeye. Na stesheni ya TAZARA si hizo zote mbili. Iko Barabara ya Nyerere, upande wa kuelekea uwanja wa ndege. Tamka neno TAZARA na kila mtu anaijua.

TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, reli iliyojengwa na China kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ipate bandari bila kupitia kusini kulikotawaliwa na walowezi. Kati ya Mlimba na Makambako treni inapanda milima kwa madaraja na mahandaki ya reli yanayofuatana, na kabla ya hapo inakatiza mbuga ya Nyerere, ambako twiga huonekana dirishani. Hakuna basi litakalokupa hayo. Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita, na vyumba hugawanywa kwa jinsia. Mume na mke wanaotaka kulala chumba kimoja hulazimika kununua vitanda vyote vinne. Maofisa wa uhamiaji wa nchi mbili hupanda ndani ya treni mpakani, na saa yako unairudisha nyuma kwa saa moja ukiingia Zambia.

Ratiba ndiyo hatari. Safari ya siku mbili inaweza kuwa ya tatu au nne, kwa sababu reli ni moja, injini ni chache, na treni ya mizigo ikianguka mbele yako hakuna pa kupitia. Sasa zaidi, kwa vile reli imeingia katika ukarabati mkubwa chini ya mkataba uliosainiwa 2025 na kampuni ya CCECC ya China, na huduma ya abiria inaweza kusimamishwa wakati wowote. Ratiba iliyobandikwa mtandaoni si ushahidi. Uliza katika stesheni yenyewe, au mtume mtu aliye Dar es Salaam aulize, kabla hujaondoka Dodoma.

Tunasisitiza kabla ya Dodoma, kwa kuwa hapo ndipo njia inapogawanyika. Kama TAZARA haisafiri, huna sababu ya kwenda Dar es Salaam kabisa. Panda basi Dodoma, Iringa, Mbeya, kisha Tunduma. Utakosa treni ya umeme, ndiyo, lakini utaokoa siku mbili na nauli ya kurudi ulikotoka. Mwenye muda mchache anaweza pia kuikamata TAZARA akiwa Mbeya, ingawa kwa kufanya hivyo anaruka milima ya Mlimba, na hiyo ndiyo sehemu inayofanya tiketi iwe na thamani.

Tunduma na Nakonde nako ni kituo kimoja cha mpaka, chenye malori yanayopanga foleni ya kilomita kadhaa. Wewe huna foleni hiyo, unatembea kwa miguu. Kiswahili kinaendelea kueleweka Nakonde, kisha kinafifia. Ukifika Kapiri Mposhi kwa treni, stesheni ya TAZARA iko nje ya mji, na mabasi madogo ya Lusaka huwasubiri abiria hapo hapo. Kwa kilomita 200 zilizobaki, panda la mchana, usikubali la usiku wa manane hata kama dereva anakuhimiza. Lusaka hadi Livingstone ni siku nyepesi, mabasi ni mazuri na yanaondoka kwa wakati.

Livingstone unachagua: Zimbabwe kwa kuvuka daraja la Maporomoko ya Victoria, au Botswana kwa Kazungula. Zote hazikudai viza. Ushauri wetu ni Kazungula. Daraja lake la mita 923 juu ya Zambezi lilifunguliwa Mei 2021 na kuua foleni ya kivuko iliyokuwa ikila siku nzima. Upande wa Zimbabwe unakupeleka hadi Beitbridge, mpaka wa kuingia Afrika Kusini wenye msongamano mkali wakati wa Pasaka na Desemba, wafanyakazi wa kigeni wanapotoka na kurudi Afrika Kusini. Botswana ina utaratibu wake: kuna vizuizi vya kudhibiti ugonjwa wa mifugo wa midomo na kwato, ambapo utashuka ukanyage dawa kwa viatu, na nyama mbichi au maziwa huchukuliwa. Usinunue nyama ya kuchoma ya njiani ukitarajia kuila baada ya kizuizi.

Afrika Kusini haina viza, lakini ina maswali. Ofisa wa mpakani anaweza kudai tiketi ya kuondoka nchini, uthibitisho wa pesa na mahali pa kulala, na ana mamlaka ya kukupa siku chache kuliko 90. Beba taarifa ya benki ya miezi mitatu yenye muhuri, na ununue tiketi ya ndege ya kurudi Nairobi kutoka Johannesburg au Cape Town kabla ya kufika mpakani. Tiketi ya basi la kurudi Gaborone, mji mkuu wa Botswana, haina nguvu ile ile mbele ya ofisa anayeona umetoka Kisumu. Ukipata muhuri, soma tarehe iliyoandikwa kabla hujaondoka dirishani. Kuingia Lesotho kisha kurudi hakuanzishi siku 90 upya. Na anayezidisha muda wake kwa siku thelathini au chini hufungiwa kuingia kwa miezi kumi na miwili. Zaidi ya hapo ni miaka mitano.

Kutoka Kazungula unashuka kupitia Botswana hadi Gaborone, na kutoka hapo mabasi ya Johannesburg huishia Park Station au karibu yake. Ndani ya jengo mna walinzi na ofisi za makampuni makubwa ya mabasi. Nje yake si mahali pa kusimama na begi ukitazama simu. Kilomita 1,400 hadi Cape Town huliwa na basi la usiku kwa saa kumi na nane hadi ishirini. Kata tiketi ya ghorofa ya chini kama ipo, viti ni vichache na havitikisiki sana. Beba blanketi la mkononi hata Desemba, kwa sababu nyanda za Karoo ni baridi usiku na kiyoyozi cha basi hakizimwi.